Gari la Tajiri

Salum aliinusa kanga ya mke wake mdogo mara ya tatu. Hayakuwa manukato, wala hakikuwa kitunguu. Ilikuwa petroli.

Aliirudisha kambani kabla Sada hajatoka jikoni, akaketi barazani. Katika nyumba yao ya Igogo hapakuwa na gari wala pikipiki. Petroli ya nani?

Jibu alilijua. Ilikuwa ya Mbaruku, fundi magari wa mtaa wa pili, mseja mwenye meno meupe na tabia ya kupiga mluzi. Mwezi uliopita Mbaruku alipokea gari lililokuja kwa meli kutoka Kisumu: gari la mbio la Kiingereza, kuukuu, jekundu, lisilo na paa, la watu wawili tu. Uhuru ulikuwa umekaribia, Waingereza wanauza vyao wende kwao, na hilo lilinunuliwa kwa kutazama picha tu. Winchi ilipolishusha bandarini watu walicheka mpaka machozi. Viti vilikuwa vimeliwa na panya, injini imo kwenye sanduku la mbao, na ndani ya taa moja ndege kajenga kiota.

"Si langu," Mbaruku aliwaambia waliomtania. "La tajiri. Mimi nalifufua tu."

Tajiri gani, hakusema. Salum hakumwamini hata chembe.

Salum muuza nyavu alikuwa na wivu wa kumchukia hata fundi cherehani aliyempima mkewe mabega. Wake zake wawili hawakuvuka kizingiti bila ruhusa, na ruhusa aliitoa kukiwa na msiba tu. Sada, ambaye marehemu baba yake aliendesha malori ya pamba na kumlea katikati ya spana na madebe ya oili, aliambiwa wiki ileile ya harusi kwamba asizitaje tena habari za injini. Sasa huyu hapa, ananuka petroli.

Alasiri ndiyo saa ya wavuvi kununua nyavu, kwa hiyo Salum hakuweza kuacha duka. Alihitaji jicho. Na nani mwenye jicho kali kwa mke mdogo kuliko mke mkubwa? Mwanaheri na Sada hawakupikika chungu kimoja. Kila Salum akiwa nyumbani waligombania kinu, ndoo, hata kivuli cha kuanikia mboga, naye akisikia makelele yao alilala kwa raha.

Akamwita Mwanaheri.

"Mfuate huyo mwenzio," alimwambia. "Kila alasiri. Nimekupa ruhusa."

Mwanaheri aliinamisha kichwa. "Kila alasiri, bwana?"

"Kila alasiri! Na usinifiche kitu."

"Sitakuficha."

Alipompokea kikombe cha chai Salum aliona mikono yake mitupu. Aliuliza bangili zake za dhahabu ziko wapi. Ziko kwa sonara, Mwanaheri alisema, zilikuwa zinambana. Salum alikuwa na makubwa zaidi ya kuwaza.

Jioni ya kwanza taarifa ilikuja pamoja na maji ya kunawa.

"Nimemkuta kalala chini ya gari."

"Na nani?"

"Na spana."

"Na Mbaruku je?"

"Kasimama pembeni, anampa vifaa."

Salum alitema mate. Kumbe ndivyo alivyomnasa! Mwanaume mwingine angemtongoza mtoto wa watu kwa kitenge, huyu kamtongoza kwa injini. Usiku hakulala. Aliwaona wawili hao waziwazi, upepo wa ziwa unawapiga usoni, Sada anacheka kicheko ambacho yeye hajawahi kukisikia tangu amuoe. Kicheko hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote.

Wiki zilikwenda. Gari limeanza kunguruma, Mwanaheri alileta habari. Viti vimeshonwa upya, vizuri sana. Sada amejua kulirudisha nyuma bila kugonga ukuta.

"Wana mpango wa kuondoka?" Salum aliuliza.

"Upo."

"Wewe Mwanaheri, nakuomba, nipo chini ya miguu yako. Siku ikifika usiniache gizani."

"Nitakuambia mimi mwenyewe," Mwanaheri alisema. "Hilo ni haki yako."

Ikafika Jumamosi. Mwanaheri aliweka ugali na sato mbele yake, akangoja mpaka Salum alipomega tonge la kwanza.

"Ni leo," alisema. "Saa tisa linatoka."

Saa nane na nusu Salum alifunga duka wavuvi wakimtazama, akachukua bakora yake ya mtobwe, akaenda kusimama katikati ya barabara, mbele ya geti la Mbaruku. Akimpoteza Sada, atatazamana vipi na watu wa Igogo?

Geti likafunguka. Gari jekundu lilichomoka likinguruma, vumbi likatimka, Salum akafumba macho na kuinua bakora.

"Simama! Shuka! Na huyo bwana wako naye ashuke!"

Lilisimama hatua tatu mbele yake. Vumbi lilipotulia alimwona Sada, mikono yake miwili kwenye usukani. Kisha akamwona Mbaruku. Alikuwa kwa miguu, bado yuko getini, anafuta grisi kwa tambara.

"Tajiri!" Mbaruku aliita. "Breki ni mpya, msizikanyage kwa nguvu!"

"Nimesikia, fundi," alijibu Mwanaheri, aliyeketi ubavuni mwa Sada na sanduku lake la nguo magotini. Akamgeukia Salum kwa adabu ileile ya miaka kumi na tisa ya ndoa. "Sogea kidogo, bwana, tunawahi kivuko cha Sengerema. Na talaka zetu usihangaike na bahasha mbili. Moja itatosha."