Tundu Lililoachwa Nje ya Kundi

Odhiambo alichomoa kebo ya ofisi ya sekretari kwa taadhima ya kasisi anayenyanyua kikombe, kisha akachomeka ya maktaba mahali pake.

"Odhi, si ungoje tu Ijumaa?" rafiki yake Mwas alinong'ona akilinda mlango. "Imebaki karatasi moja ya mtihani, buda. Moja tu."

"Historia haingoji waoga."

Kisanduku chenyewe kilikaa kabatini, nyuma ya maktaba ya shule yao ya bweni, Ruiru. Huo ndio ukuta wa mtandao, unaoamua nani apite na nani abaki nje. Kila chumba kilikuwa na tundu lake la kebo humo, na zamani kila tundu lilikuwa na sheria yake. Mwalimu Gachau wa kompyuta akifunga bweni, alisahau maktaba. Akifunga maktaba, alisahau maabara. Watahiniwa waliishi kwa kusahau kwake.

Aliyewaharibia ni Odhiambo mwenyewe. Siku mtihani wa kitaifa ulipoanza alimkuta mwalimu ameinamia kompyuta, akaingiza mdomo, kama kawaida yake.

"Mwalimu, sheria moja moja zitakuzeesha. Yaweke matundu yote kundi moja, kundi liwe na sheria moja. Ukifunga, umefunga yote."

Alitarajia kufukuzwa. Mwalimu Gachau alimtazama kwa muda ambao utani ule haukustahili.

"Asante, kijana wangu."

Kijana wangu! Lakini siku hizo wakubwa wote walikuwa wamelainika. Mpishi alimwekea nyama mara mbili. Naibu wa mwalimu mkuu alimkuta bila tai, akamnyoosha kola kwa mkono wake mwenyewe, akaenda zake. Odhiambo aliyapokea haya kwa unyenyekevu mkubwa: hatimaye shule ilikuwa imetambua kwamba A yake ya pekee inatembea miongoni mwao.

Aliyekataa kutambua ni mtu mmoja. Baba yake, Mzee Oluoch, alifanya kazi kiwandani Thika na kuishi Kiganjo, si mbali. Siku ya maombi ya watahiniwa, mkesha wa mtihani, kila mzazi alikuja kumwekea mwanawe mikono kichwani. Baba alikuwa ameahidi. Hakuja. Alikuja shangazi Aketch, na miwani nyeusi hadi ndani ya kanisa.

"Baba yuko wapi?"

"Kazini. Wewe andika mtihani wako, nyathina, mwanangu."

Kisha akamshika kichwa kwa nguvu, kana kwamba anazuia kisidondoke.

Kazini! Wazazi wa wengine walifunga maduka, wakaacha ng'ombe. Tangu siku hiyo Odhiambo alikuwa akimtungia baba yake hotuba. Simu shuleni ni marufuku, na sasa mtandao nao ulikuwa umefungwa kotekote, isipokuwa tundu moja la sekretari lililoachwa nje ya kundi, maana ofisi lazima ifanye kazi. Na hotuba ile haikufaa kusomwa na mtu mmoja. Baba alipenda kumsifu "daktari wangu" kwenye Facebook mbele ya marafiki zake. Basi marafiki hao hao washuhudie.

"Sekretari anarudi kutoka chakula," Mwas akasema. "Odhi, tafadhali."

Odhiambo alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta ya maktaba. Ukurasa wa baba ulifunguka kwa kujivuta: kwanza jina, halafu kisanduku cha kuandika. Vingine vyote vilikuwa bado vinazunguka. Hakungoja.

"Ulishindwa hata kuja kuniombea. Basi Ijumaa usije kunichukua. Usije tena kabisa."

Akabonyeza. Maneno yake yakapanda, yakakaa juu kabisa, peke yake, kwenye ukurasa mweupe.

Ndipo picha ikafunguka. Baba, ndani ya suti, na mshumaa umewashwa kando yake. Chini yake shangazi Aketch alikuwa ameandika: "Lala salama, ndugu yangu. Tutakuzika Jumamosi, mtoto akishamaliza."

Na chini ya hayo, Mwalimu Gachau: "Poleni sana. Msiwe na wasiwasi, mtandao tumeufunga wote. Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha njia."