Sahani ya Mwalimu

Shule ilimpeleka Zawena, wa kidato cha tatu, akajifunze upishi kwa vitendo hotelini kwa Bi Mgeni. Wiki nzima upishi wenyewe ukawa kuokota nyama zilizoachwa na wateja, kuzisuuza na kuzirudisha sufuriani. Kila akishika kipande kilichong'atwa, aligeuza uso pembeni.

Leo mwalimu wake alikuja kumkagua, akaagiza wali kwa nyama.

Bi Mgeni alipakua. "Mpelekee. Na ufunge mdomo, kama unataka kufaulu."

Zawena aliweka sahani mezani. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Enhe, wamekufundisha nini huku?"

Mchuzi ulikuwa ukiteremka taratibu kwenye kipande cha juu, na alama za meno zikaanza kuonekana. Mwalimu alikuwa ameshakiinua, anamtazama yeye, anasubiri jibu.