Sala Iliyokatika

"Umefika, mchungaji wangu," mama alisema, akipapasa blanketi kuutafuta mkono wa mwanawe. Macho yake yalikuwa yamezimika tangu mavuno ya shayiri.

Gavin alisita. Mchungaji alikuwa kaka yake, aliyekwama kwenye theluji njiani kutoka Glasgow. Ng'ombe watatu waliuzwa ili kaka asomee uchungaji. Gavin akabaki na plau, na wivu ukamkaa kooni miaka ishirini. Hata leo, mama akiwa anakata roho, aliyesubiriwa ni kaka.

"Ndiyo, mama," akajibu kwa sauti nzito ya mimbarini.

"Basi niombee. Mdogo wako hawezi. Yule anajua kuongea na farasi tu."

Maneno yalimchoma, lakini akapiga magoti, akaomba. Sala zote alizijua. Kila msimu wa kulima aliwahubiria farasi wale, akijifanya yeye ndiye kaka.

Kidole gumba cha mama kikapita taratibu juu ya sugu za kiganja chake, kikasimama kwenye kovu la mundu.

Gavin akanyamaza katikati ya sala.

"Endelea, Gavin," mama akasema, bila kumwachia mkono. "Nakusikiliza."