Kandambili za Mikononi

Tangu serikali iwagawie wasioweza kutembea miguu ya chuma, mji mzima hakuna aliyetambaa tena. Miguu hiyo ilijua njia ya sokoni na ya zahanati. Njia ya maandamano ilikataa kuijua. Mara mbili Mwanahawa alitoka kwenda kudai sheria ya kuifanya miguu iwe mali ya anayeivaa, na mara zote ilimgeuza katikati ya barabara ikamrudisha nyumbani, huku akilia kwa hasira.

Leo asubuhi aliivua, akaiegemeza ukutani, akachomoa kandambili zake kuukuu uvunguni mwa kitanda. Akazivaa mikononi, kama zamani alipokuwa akitambaa kwenda shule.

"Dada, nakuomba usiende," mdogo wake Somoe alimnong'oneza, jicho halibanduki kwenye ile miguu. "Itakusikia."

"Si nimeshaivua? Itanifanya nini?"

Akajikokota kuelekea mlangoni. Nyuma yake kitu kikakwaruza sakafu. Somoe akaziba mdomo. Miguu ilikuwa imesimama yenyewe, mitupu. Mwanahawa akasogea, nayo ikasogea. Akatulia, ikatulia.

Mara akasikia nje kandambili nyingi zikipigapiga lami, moyo ukamrudia. Wenzake! Akavuta mlango upesi.

Barabara nzima watu walikuwa wakitambaa, wala hakuna aliyeimba. Nyuma ya kila mmoja ilitembea miguu yake, polepole, ikisubiri achoke.