Upepo wa Jirani

Synnøve alichuchumaa ubavuni mwa gari la jirani yake, akabonyeza ncha ya kalamu kwenye vali ya tairi la mbele kushoto, akasikiliza upepo ukitoka. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na jua la Aprili lilishaanza kuyeyusha theluji chafu iliyobaki pembeni mwa maegesho. Alihesabu hadi thelathini. Ishirini ingekuwa huruma. Hamsini, roho mbaya.

Aliposimama, moyo ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetua mzigo.

Kisa kilianza na kigari cha mtoto. Arnfinn, mzee wa ghorofa ya pili, alibandika kikaratasi ngazini: "Hapa ni njia ya watu, si gereji." Jina la mtu hakutaja, lakini jengo zima lilikuwa na kigari kimoja tu, cha Eira, binti wa Synnøve wa miezi kumi. Alikisoma kikaratasi kile akiwa na mtoto mkono huu na maziwa mkono ule, na tangu siku hiyo jina la Arnfinn lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi iliyofuata ulikuwa msaragambo wa jengo. Wakazi walifagia changarawe iliyomwagwa juu ya barafu wakati wa kipupwe, wakapaka mabenchi rangi, kisha wenye nguvu wakatoa ghalani magurudumu ya kiangazi na kuyafunga badala ya yale ya theluji, gari baada ya gari, soseji mkononi, utani mdomoni. Gari la Synnøve na la Arnfinn yalikuwa mapacha, rangi moja, mwaka mmoja, yakilala ubavu kwa ubavu.

"Haya hata mama yao angeyachanganya," mmoja alisema, wakacheka.

Jumatatu, taa ya njano iliwaka mbele ya usukani wa Synnøve: upepo mdogo, mbele kushoto. Alikwenda kituo cha mafuta. Kipimo kilisema upepo unatosha. Akaongeza hata hivyo. Taa ikabaki inamkodolea jicho.

Aliporudi nyumbani, alimkuta Arnfinn akiinuka pale magari yao yanapolala, akipangusa magoti.

"Tairi zinapungua upepo siku hizi," mzee alisema. "Zako je?"

Synnøve alimpita, akaelekea ngazini. Anauliza kana kwamba hajui.

Asubuhi taa ilikuwa imezima, lakini yeye alishakata shauri. Dawa ya moto ni moto. Ndipo alipochukua kalamu.

Alipomaliza alipanda juu kumvalisha Eira. Nusu saa baadaye alishuka, akawasha gari, na taa ikawaka. Mbele kushoto.

"Kumbe mzee ana mbio kuliko magoti yake," aliguna.

Jumatano alitoa upepo nyuma kulia. Taa yake ikajibu: nyuma kulia. Jicho kwa jicho, tena jicho lilelile. Jioni alikuta pampu ya mguu mbele ya mlango wake, na kikaratasi kingine: "Itumie. Mimi yangu nayajaza kila siku. A."

Alimpigia simu dada yake, Gyda.

"Ananicheka," alisema. "Ananitolea upepo, halafu ananiazima pampu."

"Si umgongee mlango uongee naye?"

"Niongee nini na mtu anayeongea kwa vikaratasi?"

"Synnøve, na Ijumaa si una ukaguzi wa gari?"

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Gari lenye taa inayowaka halipiti, na lisipopita, vibao vya namba vinang'olewa. Bila gari hana kazi: wazee kumi na mmoja waliotawanyika bonde zima, ambako basi hupita mara mbili kwa siku, walimngojea awape dawa na kuwafunga vifungo. Bila kazi, ile nyumba ya vyumba viwili ingekuwa ya mtu mwingine kabla Eira hajajua kutembea.

Alhamisi alitoa upepo matairi mawili. Taa yake ikaonyesha mawili.

Ijumaa hakuchukua kalamu. Alichukua kisu cha samaki, akazunguka gari la Arnfinn, akachoma ubavu wa kila tairi, moja, mbili, tatu, nne, bila kuhesabu hadi chochote. Gari lilishuka taratibu kama ng'ombe anayelala. Akamfunga Eira kitini na kuwasha la kwake.

Taa ikaonyesha yote manne.

Safari hii hakuelewa. Alishuka, akayapiga teke matairi yake. Yalikuwa magumu kama jiwe. Akaendesha hadi gereji.

Oddvar, fundi wa ukaguzi, alipitisha kifaa kidogo kwenye gurudumu la kwanza, la pili, akatabasamu, akamaliza yote.

"Mlikuwa na msaragambo?"

"Jumamosi iliyopita."

"Nilijua. Kila Aprili nawapata wawili watatu." Alifuta mikono. "Kila gurudumu lina kijiredio ndani, na gari linasikiliza magurudumu yake tu. Haya si yako. Yako yamefungwa kwenye gari jingine, na nadhani mnaegesha pamoja, maana kule yakipungua upepo, huku ndiko taa inakowaka."

Synnøve alishika ukingo wa meza. Eira, mkononi mwake, alikuwa akimchekea fundi.

"Usiwe na wasiwasi, si kosa kubwa," Oddvar alisema. "Kabadilishane na jirani yako, urudi kabla ya saa kumi, nakupitisha leo hii. Mradi tu matairi yako yawe mazima."