Mwenyekiti Atoa Mji

"Nyumba za bei nafuu hazitapakwa rangi upya," alisema mwenyekiti wa baraza. "Nyinyi wanawake mmezoea kulialia tu."

Kadzo alisimama na mjukuu wake begani. Daktari alikuwa amekuta madini ya risasi, sumu ya rangi kuukuu, kwenye damu ya mtoto, na asubuhi hiyo tena bibi alimtoa kinywani gamba la rangi ya kijani lililobanduka ukutani.

"Kitendawili, mheshimiwa."

"Tega, bibi, utuchekeshe."

"Iko ukutani, tamu kwa mtoto, nayo humla anayeila."

Ukumbi mzima ulijua jibu. Mwenyekiti pia alilijua, lakini kulitamka kungekuwa kukiri.

"Kimenishinda," akasema.

"Basi nipe mji."

"Chukua Kilindini, pamoja na meli zake."

Kadzo akamketisha mtoto juu ya meza ya mwenyekiti.

"Huko sikutaki. Nipe nyumba wanamolala wanao."