Buti za Askari wa Miavuli

Bibi Léontine aliketi katikati ya makumbusho ya kijiji ya askari wa miavuli, akaanza kulegeza kamba za buti alizokuja amezivaa.

“Niandike ni zawadi ya familia?” akauliza msimamizi.

“Andika ukweli. Wakati wa vita tulimkuta askari aliyeshuka kwa mwavuli amekufa shambani kwetu, chini ya mitufaha. Baba akamvua buti hizi, maana sikuwa na viatu vya shule.”

“Lakini bibi, kijiji kitasema!”

“Kiseme mpaka kikaukiwe na mate.”

Soli zilishabadilishwa mara nne. Mbele, matambara bado yalijaza nafasi ya vidole vya yule askari.

Nje mvua ilikuwa inamwagika.

“Sasa utarudije nyumbani?”

“Kama tulivyomzika yeye,” akasema, akatoka pekupeku.